Kura ya Ukumbini au YouTube: Vichekesho Vifupi Vianzie Wapi?

Watengenezaji huru wa vipindi vifupi vya vichekesho huulizana mara kwa mara iwapo kazi yao ianzie kwenye onyesho linaloamuliwa kwa kura za watazamaji, kama Channel 101 ya Los Angeles, iliyoanzishwa na Dan Harmon na Rob Schrab mwanzoni mwa miaka ya 2000, au ipandishwe moja kwa moja YouTube.

Kwa gharama, njia hizi mbili hazipishani sana. Tofauti kubwa imo katika hukumu. Channel 101 hupokea vipindi visivyozidi dakika 5. Watazamaji walioketi pamoja huchagua vitano, na vilivyochaguliwa hupata nafasi ya kuleta sehemu mpya katika onyesho linalofuata, ilhali vingine hukomea hapo. Hukumu hiyo huuma, lakini nauthamini sana ukweli wake, kwa sababu takwimu za YouTube huonyesha mahali mtu alipoacha kutazama, ila haziwezi kuonyesha mahali alipoendelea kutazama bila kucheka. Ukimya wa ukumbi humweleza mtunzi jambo hilo papo hapo. Andy Samberg na wenzake wa kundi la vichekesho la The Lonely Island walipitia Channel 101 kabla ya kuingia Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani, mwaka 2005.

YouTube hushinda kwa uhuru: haina tarehe ya mwisho, wala viti vinavyoweza kujazwa na marafiki wa mshindani. Aliye mbali na Los Angeles, au mwenye hadithi inayohitaji dakika 12 ili ikomae, hana sababu ya kungoja kura. Anayeishi karibu, na ambaye hamalizi kazi bila kusukumwa, atafaidika zaidi ukumbini.