Kupiga dawa ya kutu gari nyumbani: ununue kifaa gani cha kupulizia

Watu wengi wakitaka kukinga gari na kutu wanauliza dawa ipi nzuri, wachache wanauliza itafikaje inakotakiwa. Kutu inayomaliza gari mara nyingi inaanzia ndani, kwenye chasisi ya boksi (yenye uwazi ndani), chini ya milango, kwenye mikunjo ya bati ambako tope linakaa halikauki. Ndo maana hapa nimepanga vifaa kwa kuangalia kama vinafika huko.

1. Bunduki ya kikombe cha presha. Hewa ya kompresa (mashine ya kujaza upepo) inaingia kwenye kikombe na kuisukuma dawa, hivyo hata dawa nzito ya nta inatoka bila shida. Angalia kama inakuja na mirija mirefu, maana ule mrija laini wenye nozeli ya kurusha pande zote ndo unafanya kazi yenyewe, unauchomeka kwenye tundu mpaka mwisho, unabonyeza, unauvuta taratibu huku dawa inatoka, ukiona imeanza kudondoka kwenye vitundu vya kutolea maji basi sehemu hiyo imeshiba. Piga tepu kwenye mrija karibu na ncha, tepu ikitokea tu unaachia, la sivyo utaoga dawa wewe!

2. Bunduki ya kawaida ya kufunga kwenye chupa ya lita 1. Hii inafyonza dawa tu, kwa nta nzito inakohoa, ila kwa chini ya gari na kwenye uwazi wa bodi juu ya matairi inatosha kabisa, na ni rahisi. Ikiwa na mrija wake, mimi sina neno.

3. Kopo la sprei lenye mrija. Huna kompresa na gari ni moja? Anza na hili. Gari zima litakula makopo mengi, lakini kwa kurudia sehemu chache hakuna usumbufu.

4. Pampu ya mkono ya bustani. Inarusha mafuta mepesi tu, na dawa zenye kemikali ya kuyeyusha zinaweza kula mipira yake.

Mashine za airless (zinazorusha dawa kwa presha kubwa bila kutumia hewa) sizipendekezi kwa nyumbani, presha yake inaweza kupenya ngozi na hiyo ni kesi ya hospitali moja kwa moja.

Kompresa: bunduki nyingi zinataka presha ya bar 4 mpaka 6 hivi, soma ya kwako. Tanki la lita 24 linafanya kazi ila utakuwa unasimama kungoja lijae, 50 unapumua. Weka na chujio la maji, dawa isichanganyike na unyevu.

Dawa ikiwa nzito, fungua kifuniko cha kopo lake (si lile la sprei) uliweke kwenye ndoo ya maji ya moto, motoni kamwe. Bati liwe limeoshwa na kukauka haswa, ukipiga dawa ya lami juu ya unyevu umeifungia kutu ndani. Funika diski za breki na eksozi, usizibe vitundu vya maji. Gari likae kwenye stendi, jeki peke yake usiiamini hata dakika moja, halafu vaa miwani na barakoa ya filta za kemikali, ya kitambaa haizuii mvuke.

Ukimaliza nta, pitisha mafuta ya taa kwenye bunduki na mirija palepale, nta ikigandia kwenye nozeli utanunua nyingine.