Supu ya dodoki na bibi asiyeniongezea wali: kijimgahawa kimoja cha Naha

Yote yalianza na tepu. Huku Japani ukiwa na miaka 40 mpaka 74, kwenye upimaji wa afya wa kila mwaka wanakupima na kiuno, utaratibu huo upo tangu 2008, mwanaume ukifika sentimita 85 na mwanamke 90 wanaanza kukuangalia kwa jicho jingine, na presha au sukari nayo ikiwa imepanda basi unaitwa kwenye ushauri. Mi nina 42. Nesi akazungusha tepu, akasoma, akazungusha tena kama vile tepu ndo imekosea. 93. Presha nayo haikunitetea, barua ikaja.

Bahati nzuri kampuni ilikuwa inanipeleka Naha, mji wa Okinawa, vile visiwa vya kusini kabisa mwa Japani, kwa miezi minne, nikasema aisee hapo ndo penyewe, si ndo kule wanakosema wazee wanafika miaka 100 na bado wanalima bustani zao? Nitakula wanachokula, kiuno kitarudi chenyewe. Yani nilienda kama mtu anayeenda kuchukua dawa.

Wiki mbili za kwanza niliongezeka kilo moja.

Usicheke. Migahawa ya kawaida ya Naha inapakua kama vile umeitukana. Siku ya kwanza nilitaka kitu chepesi, nikaona ukutani wameandika supu ya miso, yani ya rojo la soya iliyochachushwa, nikaagiza hiyo tu, kumbe kwa Okinawa supu ya miso ni mlo mzima, likaja bakuli la kuogea mtoto, ndani tofu (ile kama jibini ya soya), kabichi, yai, vipande vya nguruwe wa kopo, na pembeni wali umejaa mpaka juu. Kesho yake nikajaribu goya champuru, goya ni karela ile ile mnayoijua, inakaangwa na tofu na mayai, nikajiambia karela haijawahi kumnenepesha mtu. Kweli, karela haikuninenepesha, kilichoninenepesha ni mafuta na ule mlima wa wali uliokuja nayo. Siku ya tatu nikala wali wa tako, nyama ya kusaga na jibini na saladi juu ya wali, chakula kilichoanza miaka ya 1980 karibu na kambi ya Wamarekani mjini Kin, mtamu hatari, na hapo nikajua nimekuja kutafuta kitu ambacho hakikai barabara kubwa.

Kabla sijafika kwa bibi kuna kosa jingine nililifanya, niliseme tu ili mwingine asilipe. Mtaa wa watalii kuna maduka ya zawadi yamejaa chai za kupunguza tumbo, nikanunua pakiti moja yen 1,500, siku tatu nimeshinda chooni. Jamaa wa kazini akasoma yale maandishi madogo nyuma akacheka, ndani kuna majani ya jamii ya sena, yani dawa ya kuendesha. Unapungua maji sio mafuta, ukinywa jagi mbili kilo imerudi kama haijaondoka. Duka silitaji, ila ukiona pakiti ina picha ya kiuno chembamba, pita hivi.

Sasa bibi. Aliyenipeleka ni mzee wa stoo kazini, kwenye kichochoro nyuma ya soko la Makishi, ukipita haraka unadhani ni mlango wa nyumba ya mtu na kweli ni nyumba ya mtu, yeye anaishi juu. Viti nane, feni moja, kalenda ya ushirika wa wavuvi. Menyu hamna. Unakaa, anakuletea sanpin-cha ya baridi, hiyo ni chai ya asumini, anakuangalia kidogo usoni kama daktari, anarudi jikoni. Mlo wa siku ni mmoja, yen 850, keshi tu. Wote tunamwita obaa, yani bibi, na yeye ananiita niinii, yani kaka, na mvi zangu hizi.

Trei ya kwanza niliiangalia nikadhani ni vionjo, mlo wenyewe unakuja. Vibakuli vitano, hamna hata kimoja kinachozidi kiganja changu. Kimoja supu ya miso ina kitu cha kijani laini, nikauliza nini hiki, akasema nabera, sikuelewa, akaingia ndani akatoka nalo bichi mkononi. Dodoki! Lile lile la kuogea jamani. Kumbe likivunwa changa, kabla halijawa nyuzi, ni mboga, linayeyuka mdomoni na linatoa utamu fulani wa mbali, na mimi miaka yote hiyo nalijua kwa mgongo tu. Kibakuli cha pili mozuku, mwani mwembamba kama nywele kwenye siki, unateleza, halafu ile siki inakupiga shavuni ghafla. Cha tatu papai bichi limekwaruzwa likakaangwa na karoti. Cha nne tofu ya kwao, ngumu kuliko ya bara, yani Japani ya visiwa vikubwa, haivunjiki kwenye sufuria. Halafu wali kidogo umechanganywa na nafaka nyingine, na kwenye kona ya trei kipande cha kiazi kitamu cha zambarau, kimeachwa na ganda lake.

Nikala kama ninavyokulaga, dakika saba nimemaliza, nikainua bakuli la wali aniongezee. Kule bara migahawa mingi ya mlo wa trei wali unaongezewa bure, na hapo ndo nilipokuwa naharibu miaka yote, nakula vizuri halafu naongeza bakuli mbili kwa sababu ni bure. Obaa akaliangalia bakuli, hakulichukua, akaleta buli la chai ya moto akaliweka mbele yangu. Akasema kunywa hili, likiisha nitakupa. Sio kwa ukali, kama unavyomwambia mtoto asubiri uji upoe. Basi nikanywa, buli lina vikombe vinne hivi, moto, huwezi kulimaliza haraka, mzee wa stoo ananisimulia mambo ya mpira wa besiboli, na lilipoisha obaa akaja na mwiko, haya, bakuli liko wapi. Nikajikuta sitaki. Kweli kabisa sitaki.

Hiyo ndo hara hachi bu, na nilikuwa nimeisikia miaka nikidhani ni msemo wa kubandika ukutani. Hara ni tumbo, hachi ni nane, yani jaza sehemu nane kati ya kumi uache mbili. Shida yangu siku zote ilikuwa nitajuaje nimefika nane, tumbo halina geji, tena taarifa ya kushiba inachelewa kama dakika 20 kufika kichwani. Obaa haulizi umefika ngapi. Anakuchelewesha tu. Kuna siku buli liliisha na njaa bado ipo, nilikuwa nimebeba mizigo tangu asubuhi, akanipa bila neno, nusu mwiko.

Na ukiangalia ile trei kwa macho ya mtu mwenye tamaa utaona ujanja wake mwingine, karibu kila kitu ni maji na nyuzi, mwani, dodoki, papai, supu, tofu, macho yanaona vyombo vitano na tumbo linaona ujazo lakini kalori hazipo kihivyo. Nyama ipo, obaa sio mtawa. Mara moja kwa wiki anapika rafute, nguruwe wa tumbo, anamchemsha muda mrefu sana anaengua mafuta yanayopanda juu, halafu ndo anaingia kwenye soya na sukari, anakupa vipande viwili. Viwili tu, nilijaribu kuhonga.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo. Nikamuuliza siku moja hivi utotoni mlikuwa mnakula hivi hivi, akacheka mpaka akashika kaunta. Utotoni tulikula viazi, akasema, asubuhi viazi, mchana viazi, wali ni wa sikukuu. Na ni kweli, kiazi kitamu kiliingia Okinawa 1605 kutoka China, kimbunga kikipita mpunga unalala ila kiazi kiko salama chini ya udongo, na mpaka miaka michache baada ya vita ya pili ya dunia zaidi ya nusu ya kalori za watu wa visiwa hivyo zilitoka kwenye viazi. Kwa hiyo ule mlo tunaouita siri ya maisha marefu, wenyewe waliuita umaskini. Wamarekani walitawala pale mpaka 1972, nguruwe wa kopo akaja, baga zikaja 1963, magari yakaja, watu wakaacha kutembea, na kwenye orodha ya mikoa 47 ya Japani kwa umri wa kuishi wa wanaume, Okinawa iliyokuwa juu kabisa 1985 ikashuka mpaka ya 26 mwaka 2000, na 2020 ikawa ya 43. Ya 43! Ukisikia mtu anakuuzia chakula cha Okinawa muulize kwanza cha mwaka gani.

Turudi kwa bibi, na sasa kasoro, kwa sababu zipo.

Chumvi. Mshauri wangu wa lishe alinionya kabla sijaondoka, Wajapani wanakula wastani wa gramu 10 hivi za chumvi kwa siku wakati WHO inasema isifike 5, na bakuli moja la supu ya miso lina gramu moja na ushee. Kiharusi ndo kilikuwa kinaua kuliko ugonjwa wowote Japani kuanzia 1951 mpaka 1980, na chumvi ilikuwa mtuhumiwa mkubwa, kwa hiyo mtu mwenye presha kama mimi asije akanywa supu ya miso mara tatu kwa siku akidhani anajitibu. Supu ya obaa yenyewe sio ya chumvi sana, anaweka mboga nyingi mchuzi kidogo, na anategemea maji ya kombu, mwani mnene uliokaushwa, na samaki mkavu, ule utamu wa umami ambao profesa Ikeda Kikunae aliuchambua kutoka kwenye kombu mwaka 1908, ukiwa nao mwingi miso unaipunguza na ulimi hausikii pengo. Lakini achari zake, heh. Za chumvi mpaka masikio yanasimama. Niliacha kuzila na yeye akaona, akaacha kuniwekea, hatukuongea.

Joto. Mwezi wa nane feni moja haitoshi, unatoka umelowa. Foleni nayo, anapika peke yake, siku mbaya nimesubiri dakika 40 na saa ya mapumziko kazini ni 60. Na ile sinia ya sata andagi pale kaunta, vile vitumbua vya kukaanga vya duara, anaviweka hapo makusudi nadhani, yen 100 kimoja, na ukimaliza mlo wako wa afya unavikuta vinakutazama. Nimeanguka mara nyingi kuliko nitakavyomwambia mshauri.

Kwa wasiokula nguruwe ni pagumu, sitaki kuwadanganya, hata sahani ya mboga inaweza kukaangwa kwa mafuta yake au supu ikaanzia kwenye mfupa wake. Mwenzangu mmoja Mwislamu nilimpeleka, obaa tulimweleza mapema siku moja kabla, akamtengenezea sufuria mpya na samaki, ila bila kumwambia mapema usiende.

Matokeo sasa maana najua ndo mnasubiri. Mara nne kwa wiki, miezi mitatu na nusu, kutoka kilo 88 mpaka 84, kiuno 93 mpaka 88. Bado sijafika chini ya 85, na sitasema ni trei peke yake kwa sababu kutoka kazini mpaka kwake nilikuwa natembea dakika 15 kwenda na 15 kurudi. Ila sikuhesabu kalori hata siku moja na sikulala na njaa, na mimi nimeshajaribu zile programu za simu zinazokupigia kengele ukila mkate.

Chakula nampa tano juu ya tano, bei tano, huduma nne kwa sababu ya kusubiri, hewa mbili. Jina la pale siliandiki, amekataa, anasema wakija wa kupiga picha viti nane havitoshi.

Nimerudi Osaka wiki iliyopita. Nimenunua vibakuli vitano duka la yen 100, vidogo vidogo, na buli. Karela nimeipata, nabera hamna, nimezunguka masoko mawili muuzaji ananiangalia tu. Ukibahatika kufika kwa obaa wahi saa tano na nusu, saa nane anafunga hata kama uko mlangoni, Jumapili yuko bustanini kwake. Ukimaliza kula sema kwachii sabitan, ndo asante ya chakula kwa Kiokinawa. Atakucheka matamshi. Mimi alinicheka mpaka siku ya kuaga.