Phuket au Koh Samui? Angalia kalenda kwanza

Wanaopanga likizo ya Tailandi huuliza ufuo upi ni mzuri zaidi kati ya visiwa hivi viwili. Mimi ningeuliza kwanza: unakwenda mwezi gani?

Phuket iko magharibi, Bahari ya Andaman. Kuanzia Mei hadi Oktoba hupigwa na upepo wa kusini-magharibi, ndugu wa kusi yetu: mvua hunyesha, mawimbi hupanda, na bendera nyekundu ufuoni maana yake usiogelee. Visiwa vya Similan, wanakopenda wapiga mbizi, hufungwa katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba. Bahari hutulia Desemba hadi Machi.

Koh Samui, upande wa mashariki, Ghuba ya Tailandi, ina msimu wake. Agosti mara nyingi jua lipo. Novemba ndiyo mbaya, mvua ya kumwaga. Kwa hiyo likizo ya Agosti, Samui. Ya mwisho wa mwaka, Phuket, ingawa bei za hoteli wakati huo zinauma.

Usafiri? Phuket ina ndege kutoka Doha na Dubai moja kwa moja. Samui, wengi hubadilisha ndege Bangkok kwa nauli ghali, au hushuka Surat Thani, mji wa bara, kisha basi na feri. Mwenye watoto wadogo alipime hilo.