Death of a Salesman jukwaani: kuta zimeheshimiwa, vitanda vimeponza

Katika igizo la Death of a Salesman, nyumba ya mchuuzi Willy Loman pale Brooklyn, New York, haina kuta, na mwandishi Arthur Miller aliipanga hivyo makusudi. Yakichezwa matukio ya wakati wa sasa, kila mtu hufuata mstari wa ukuta na kupita mlangoni. Willy akizama katika kumbukumbu za zamani, watu hupenya ukutani. Kundi hili la ridhaa limeishika kanuni hiyo barabara. Utepe umebandikwa sakafuni na hakuna anayeukanyaga ovyo, kwa hiyo unajua uko wakati gani hata kabla taa hazijabadilika.

Kasoro iko kwenye vitanda. Biff na Happy, wana wa Willy ambao sasa ni watu wazima, wamelala juu, na punde tu wanatakiwa watokee chini wakiwa vijana wa kumbukumbu zake. Igizo lilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1949, mbunifu wa jukwaa Jo Mielziner aliwafichia lifti ndani ya vitanda. Hapa wameweka ngazi ya mbao kwa nyuma, na mito chini ya blanketi ili ionekane bado kuna watu. Mito imefanya kazi yake. Ngazi inalia, na Willy naye anayakimbiza maneno yake ya jikoni, basi vijana wanafika wakihema. Vipago vifungwe zulia. Willy amimine yale maziwa taratibu, anywe, ndipo aongee. Sekunde hizo zinawatosha wenzake kushuka.

Linda, mke wa Willy, ni bora kupita wote. Willy anapofoka asizishone soksi zile kuukuu, hajibu kitu: anaacha sindano ikiwa bado imechoma kitambaa, anakunja soksi mara mbili, anazitia mfukoni kama mtu aliyekutwa na mali ya wizi. Sisi tumeshamwona yule mwanamke wa Boston, hawara wa Willy, akipewa soksi mpya. Ukumbi ulinyamaza kabisa.

Ofisini kwa Howard, bosi wa Willy, sauti ya kinasa sauti ilitoka kwenye spika za darini. Hilo ni kosa, maana Willy atakapoiwasha mashine kwa bahati mbaya anapaswa kukiogopa kitu kilicho mbele yake mezani. Spika ndogo ifichwe ndani ya hicho kisanduku, waya upite mguuni mwa meza.

Mwishoni, makaburini baada ya kifo cha Willy, filimbi ilizidi ikameza maneno ya mwisho ya Linda. Ishushwe nusu.

Ukienda, kaa katikati, safu ya tatu au ya nne. Wa pembeni wanazibwa na friji, na soksi hawazioni.