LIHEAP: msaada wa bili za joto Marekani unaomfaa anayewahi

Anayeishi Marekani kwenye jimbo lenye baridi kali anajua kuwa kuanzia Novemba hadi Machi, bili ya kupasha nyumba joto inaweza kula fedha ya kodi. Serikali ya shirikisho ina mpango wa kuipunguza bili hiyo, LIHEAP, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1981. Ni msaada wa kweli: kuomba ni bure, na ukipewa hurudishi. Tatizo ni kwamba huduma yake haifanani jimbo kwa jimbo, na fungu lake huisha. Familia mbili zenye kipato kilekile na idadi ileile ya watoto, moja ikiomba wiki ya kwanza na nyingine Februari, zinaweza kuishia moja pazuri na nyingine pabaya. Tunaupa nyota nne kwa fedha zenyewe, na mbili kwa namna zinavyomfikia mwananchi.

Wengi wanauchanganya na SNAP, msaada wa chakula wa serikali. Huo ni haki, ukitimiza masharti unapewa. LIHEAP sivyo. Congress hutenga fungu kila mwaka, miaka ya karibuni takriban dola bilioni 4, Wizara ya Afya na Huduma za Jamii huligawa kwa majimbo, na jimbo huendelea kugawa mpaka sanduku liwe tupu. Unaweza kuwa na sifa zote na ukaambiwa hakuna kitu. Siasa za Washington nazo huingia jikoni kwako: shughuli za serikali ya shirikisho zilipofungwa kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, 2025, fedha za msimu zilichelewa, na yapo majimbo yaliyosogeza mbele tarehe ya kupokea maombi.

Jina nalo hubadilika ukivuka mpaka. Ohio na New York wanauita HEAP, Minnesota ni Energy Assistance Program, Texas ni CEAP. Ukienda ofisini ukataja LIHEAP na karani akakushangaa, mwambie tu unatafuta msaada wa bili ya joto. Kazi ya kupokea maombi mara nyingi hufanywa na mashirika ya Community Action ya kaunti, si ofisi ya serikali moja kwa moja. Kulijua shirika la kwako, piga 211, namba ya kuulizia huduma za jamii, au namba ya taifa ya kuelekeza waombaji, 1-866-674-6327.

Sasa kipato, maana hapa ndipo watu wengi hujiengua wenyewe bila sababu. Sheria inaruhusu jimbo kuweka kikomo hadi asilimia 150 ya kiwango cha umaskini cha shirikisho, au asilimia 60 ya kipato cha kati cha jimbo, kile kilicho kikubwa. Haliruhusiwi kushuka chini ya asilimia 110. Kwa viwango vya 2025, asilimia 150 kwa kaya ya watu wanne ni dola 48,225 kwa mwaka. Majimbo yanayotumia kipimo cha pili mara nyingi huenda juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo familia ambayo baba anafanya kazi kiwandani na mama anafanya nusu siku isijihesabu nje kabla ya kuuliza.

Kinachohesabiwa kwa kawaida ni mshahara kabla ya makato, si ule unaoingia benki. Na hauhesabiwi wa mwaka mzima: jimbo huangalia kipindi kifupi, mara nyingi siku 30 zilizopita, kwingine miezi mitatu. Kanuni hii ni ya kuizingatia sana kwa wanaofanya kazi kwenye maghala na viwanda vya nyama. Saa za ziada za Novemba na Desemba zinaweza kukuvusha kikomo ambacho Oktoba ulikuwa chini yake kabisa. Kama jimbo lako linahesabu siku 30 kurudi nyuma kutoka tarehe ya maombi, omba kabla ya wiki za saa nyingi kuingia kwenye hesabu. Si udanganyifu, tarehe ya kuomba ni yako kuichagua. Dereva wa lori au wa teksi za mtandao anayejiajiri hutakiwa kuonyesha mapato na gharama, kwa kawaida kupitia fomu za kodi za mwaka uliopita. Asipoleta gharama zake, atahesabiwa mapato yote kama faida.

Kaya, kwa sheria ya mpango huu, ni watu wanaoishi pamoja na kutumia nishati inayonunuliwa kwa pamoja. Mpwa aliyehamia chumba cha chini yumo, hata kama ana chakula chake. Watu humficha ili mshahara wake usionekane, kisha anwani yake inajitokeza kwenye rekodi nyingine na faili linasimama wiki kadhaa. Isitoshe, kila mtu anayeongezeka hupandisha kikomo cha kipato, kwa hiyo kumwandika kunaweza kukufaa.

Nyaraka si nyingi: kitambulisho, kadi za Social Security za wanakaya, hati za mshahara za kipindi chote kinachotakiwa, bili ya karibuni ya umeme na ya chanzo cha joto, na mkataba wa kupanga. Mtu mzima asiye na kipato husaini tamko la kusema hivyo, na ofisi itataka kujua kodi inalipwa na nani. Maombi hukwama kwa mambo madogo: hati moja ya wiki imekosekana katikati, picha ya simu imekata kona ya bili yenye namba ya akaunti, au bili iko kwa jina la mpangaji aliyehama. Hilo la mwisho lirekebishe mapema kwa kuipigia simu kampuni, kwa sababu fedha haziji mkononi mwako. Hulipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni ya gesi, umeme au mafuta, na akaunti isiyolingana na jina la mwombaji hurudisha malipo. Ofisi ikikuandikia kuwa kuna upungufu, barua huwa na tarehe ya mwisho. Ikipita, faili hufungwa na unaanza upya nyuma ya foleni.

Huku ukisubiri, endelea kulipa kiasi unachoweza. Maombi yaliyo mezani hayaizuii kampuni kukutumia notisi ya kukatiwa, isipokuwa jimbo lako liwe limeweka kinga.

Kiasi unachopewa hutegemea kipato, idadi ya watu, aina ya nishati na jimbo, na mara nyingi hakifuniki msimu mzima. Asiyetarajia hivyo atakasirika Januari. Yapo majimbo yanayotoa malipo mara moja tu, mengine hutoa ya kawaida na ya dharura. Kentucky hugawanya msimu: ruzuku ya kawaida mwishoni mwa mwaka, isiyodai uwe na deni, kisha dharura kuanzia Januari, inayodai notisi ya kukatiwa au mafuta ya siku nne au chini. Ukiikosa ya kwanza kwa sababu huna deni bado, umeacha fedha mezani. Iowa hufungua Oktoba 1 kwa wazee na wenye ulemavu, wengine Novemba 1.

Kuhusu dharura, sheria ya shirikisho iko wazi kuliko makarani wengi wanavyoieleza. Kaya yenye sifa iliyo kwenye dharura ya nishati inatakiwa kupata msaada wa kuitatua ndani ya saa 48 tangu iombe. Kama hali inahatarisha maisha, ndani ya saa 18. Majimbo hutakiwa kubakiza kiasi cha fedha kwa ajili hiyo hadi Machi 15. Ukiwa na mtoto mchanga, mgonjwa wa mashine ya oksijeni au mzee ndani, liseme hilo kwenye sentensi ya kwanza ya simu.

Aina ya nishati hubadilisha kila kitu. Wa gesi ya bomba na umeme wana nafuu: mita inaendelea kuzunguka na kampuni inajua kusubiri malipo ya jimbo. Wa mafuta na propeni, hasa Maine na majimbo jirani, wako kwenye mchezo mgumu zaidi. Tangi la kawaida la mafuta ni la galoni 275, na halijazwi mpaka juu. Wauzaji wengi hawaleti chini ya galoni 100. Malipo huenda tu kwa muuzaji aliyesaini mkataba na mpango. Kama wako hayumo, badilisha kabla ya kuomba. Aliye kwenye utaratibu wa kujaziwa bila kuagiza anaweza kuletewa tangi zima wiki moja kabla ya kuidhinishwa, na yapo majimbo yasiyolipia mafuta yaliyofika kabla ya tarehe hiyo. Uliza kwanza.

Usisubiri tangi likauke. Dharura ya mafuta kwa kawaida hupimwa kwa kiasi kilichobaki, kwa hiyo unaruhusiwa kupiga simu kabla ya sifuri. Tangi la mafuta likikauka, hewa huingia kwenye bomba na uchafu wa chini huvutwa hadi kwenye kichomeo. Hata mafuta yakifika, tanuru haliwaki mpaka fundi atoe hewa, na fundi wa usiku ana bei yake. Propeni ikiisha, mfumo mzima lazima upimwe uvujaji kabla ya kuwashwa, na hilo nalo hutozwa. Geji ya propeni husoma asilimia ya ujazo wa tangi zima na tangi hujazwa hadi 80 tu, kwa hiyo usitarajie tangi lililojaa lisome 100.

Mpangaji ambaye joto limo ndani ya kodi hasahauliwi kila mahali. Massachusetts humpokea kama kodi inazidi asilimia 30 ya kipato chake, ingawa wa nyumba za ruzuku ya serikali wana masharti mengine. Hita ndogo za umeme zinazonunuliwa kuziba pengo la tanuru bovu ndizo zinazozaa bili za kutisha. Afadhali uulize kama jimbo lako hulipia matengenezo ya tanuru, kwa sababu mengi hufanya hivyo kwa wenye nyumba.

Kwa maoni yetu, barua ya kuidhinishwa inaweza kuwa na thamani kuliko kiasi kilichoandikwa ndani yake. Iowa, kaya iliyothibitishwa na LIHEAP haikatiwi gesi wala umeme kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 1. Minnesota ina kinga yake ya baridi kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, lakini haiji yenyewe: lazima upige simu, mkubaliane mpango wa kulipa, na uufuate. Kinga hizi haziwahusu wauzaji wa mafuta na propeni, na hazifuti deni. Kinga ikiisha, makasi ya kukatiwa huanza. Ohio ina kitu bora zaidi, PIPP, kinachoombwa kwa fomu ileile ya HEAP: unalipa asilimia 5 ya kipato kwa gesi na 5 kwa umeme, na kila ukilipa yote kwa wakati, sehemu 1 kati ya 24 ya deni la zamani inafutwa. Watu huondolewa humo kwa kusahau kuthibitisha kipato kila mwaka.

Kuna pia mpango wa kuziba nyumba, Weatherization, wa Wizara ya Nishati, ulioanza 1976: wanapima uvujaji wa hewa, wanaongeza kizuizi cha joto darini, wanakagua tanuru. Mpangaji anahitaji idhini ya mwenye nyumba. Foleni ni ndefu, kwa hiyo weka jina siku ileile unayoomba LIHEAP. Na kaya yenye mzee au mwenye ulemavu inayopokea zaidi ya dola 20 za LIHEAP kwa mwaka inaweza kupata makato makubwa zaidi ya nishati kwenye hesabu ya SNAP, yaani chakula kikaongezeka. Sheria ya 2025 imelibana hilo kwa kaya za aina hiyo tu. Msaada wenyewe hauhesabiwi kuwa kipato kwenye misaada mingine.

Suala la hati za uhamiaji linatisha watu bila sababu. Mkimbizi, aliyepewa hifadhi na mwenye ukaazi wa kudumu wamo kwenye orodha ya shirikisho. Mkimbizi na aliyepewa hifadhi hawapimwi hata kidogo kwa kigezo cha kuwa mzigo kwa serikali wanapoomba ukaazi wa kudumu. Anayesubiri kesi ya hifadhi, au mwenye TPS (ruhusa ya muda ya kukaa nchini) pekee, hayumo. Lakini kaya yake ikiwa na mtoto raia, majimbo mengi huiangalia, mengine kwa kuhesabu wenye sifa tu kwenye kiasi huku kipato cha wote kikihesabiwa. Hapo muulize mtu wa msaada wa sheria kabla ya kujaza.

Omba mkalimani wa Kiswahili kwa simu. Mashirika mengi yana huduma hiyo na huna cha kulipa. Mtoto wa darasa la sita asitafsiri maswali ya kipato cha wazazi wake. Anayebisha hodi akisema ametumwa na serikali kupunguza bili, kisha akaomba kuona bili yako, mara nyingi anatafuta namba ya akaunti akuhamishie kwa muuzaji mwingine wa gesi au umeme. Anayedai ada ya kukujazia fomu ni tapeli.

Ukikataliwa, au maombi yakikaa muda usio wa kawaida bila jibu, sheria inakupa haki ya kusikilizwa rasmi. Omba kwa maandishi, taja tarehe uliyoomba, ambatanisha nakala ya risiti ya maombi, na uulize waziwazi uamuzi umejengwa juu ya kipato gani na idadi gani ya watu. Makosa mengi tunayoyaona yako kwenye namba hizo mbili.