Mipira ya mafuta ya pikipiki ya zamani: aina tatu zinazouzwa Mwanjelwa

Kati ya aina tatu za mipira ya mafuta nilizonunua kwa mita katika maduka ya spea ya Mwanjelwa, hapa Mbeya, ni moja tu ninayoipendekeza kwa mwenye pikipiki ya zamani, nayo ni ile nyeusi yenye nyuzi katikati ya ukuta wake na maandishi SAE 30R7, yaani alama ya kiwango cha mpira wa mafuta, ubavuni. Pikipiki niliyoufungia mpira huo ni Honda XL125S, mashine ya kabureta iliyoanza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ambayo bado inapanda na kushuka barabara ya Tukuyu katika mvua na tope bila kulalamika, ilimradi petroli iifikie.

Aina ya kwanza, na ndiyo inayouzwa zaidi, ni mpira mweupe unaoonyesha mafuta yakipita. Wateja wanaupenda kwa sababu ni wa bei rahisi na kwa sababu mtu anaona kwa macho kama petroli inashuka au imekwama. Hata hivyo, mwingi wa mpira huu ni plastiki ya PVC, ambayo ulaini wake unatokana na kilainishi kilichochanganywa ndani yake, na petroli hukiyeyusha kilainishi hicho kidogo kidogo. Nilitumbukiza kipande cha kila aina katika chupa ya kioo yenye petroli, nikaiweka nje ya nyumba mbali na moto kwa wiki kadhaa. Kipande cheupe kiligeuka rangi ya njano, kikawa kigumu na kufupika. Mpira unaofupika ukiwa umefungwa kwenye pikipiki hujivuta kutoka kwenye shingo ya kabureta, nao ukiwa mgumu hauibani tena shingo hiyo, hata klipu iwe nzuri kiasi gani. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya huku juu inapouongezea ukavu, ukiukunja tu mwishoni unapasuka.

Aina ya pili ni mpira mweusi usio na maandishi yoyote, na huu naukataa kwa nguvu zaidi kuliko mweupe, kwa sababu unadanganya macho. Kwa nje unafanana kabisa na ule mzuri, lakini ukitazama mahali ulipokatwa huoni nyuzi. Katika chupa yangu ulivimba, ukalainika na kuifanya petroli kuwa nyeusi. Raba ya asili na raba ya EPDM, inayotumika kwenye mipira ya maji ya magari, huvimba namna hiyo zinapokutana na petroli, na uchafu unaobanduka ndani huenda moja kwa moja kwenye jeti za kabureta, yaani vitundu vyembamba vinavyopimia petroli. Mpira wa silikoni nao usichukuliwe, hata ukiwa wa rangi ya kupendeza, kwani petroli hupenya ukuta wake.

Aina ya tatu ndiyo niliyobaki nayo. Kiwango cha 30R7 kimewekwa kwa ajili ya mafuta ya shinikizo dogo, na mipira yake kwa kawaida ndani huwa na raba ya nitrili inayostahimili petroli, katikati nyuzi, na nje gamba linalozuia jua na hewa kuichanachana raba hiyo. Bei yake kwa mita ni ya juu kuliko zile mbili, lakini pikipiki haihitaji hata mita moja. Kasoro yake ni kwamba mafuta hayaonekani yakipita, na kwamba ukuta wake mnene haupendi kona kali. Kwenye chupa ulibaki karibu kama ulivyokuwa. Mwenye pikipiki ya injeksheni asivutwe na sifa hizi akaununua, kwa maana pampu yake husukuma petroli kwa takribani kilopaskali 300, naye anapaswa kutafuta mpira wa 30R9 na viungo vyake maalumu.

Kwenye kabureta hali ni kinyume: hakuna pampu, petroli hushuka kwa uzito wake tu, na kimo cha sentimita 30 kutoka usawa wa mafuta hadi kabureta hutoa kilopaskali 2 hivi. Nguvu hiyo ni ndogo mno, kwa hiyo kona iliyojikunja, filta nzito ya gari au mpira mrefu uliopanda juu kabla ya kushuka vyote vinatosha kuifanya injini ikose mafuta mlimani. Huku Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam na petroli huchemka kwa joto dogo zaidi. Mpira unaogusa silinda hutengeneza mapovu ya mvuke yanayoziba njia. Nimeupitisha wangu mbali na mapezi ya injini, ukishuka moja kwa moja.

Kabla ya kwenda dukani, ni muhimu kujua kila mpira unafanya kazi gani, kwa kuwa fundi mwenye haraka huibadilisha yote kwa kipande kimoja. Ule unaotoka kwenye koki ya tangi hadi kabureta ndio wa petroli. Mipira myembamba inayoning'inia ubavuni mwa kabureta huku ncha zake zikiwa wazi ni ya kupumulia na ya kumwaga mafuta yanayofurika; isizibwe, na ikaguliwe kama tope au nyigu hawajaiziba. Ule mnene, wenye mabaki ya oili, unaotoka kwenye injini kwenda kwenye boksi la filta ya hewa, ni wa pumzi ya injini. Suzuki GN125 ina mwingine tena, unaotoka kwenye njia ya hewa ya injini kwenda kwenye koki, ambao mvuto wa hewa ndani yake ndio unaoifungua koki. Ukipasuka, mafuta hayashuki mpaka koki iwekwe kwenye PRI, alama inayopitisha petroli bila kusubiri mvuto huo. Ikiwa kiwambo cha ndani ya koki ndicho kilichotoboka, petroli hupita katika mpira huo hadi kwenye injini, nawe utaisikia harufu yake kwenye oili. Hapo usiiwashe kabla ya kumwaga oili hiyo.

Ukubwa usikisiwe. Pima shingo ya koki na ya kabureta kwa vernia. Pikipiki ndogo nyingi huchukua mpira wenye tundu la milimita 5 hadi 6, na tofauti ya milimita moja inatosha kuleta uvujaji. Muuzaji niliyemwendea alikuwa muungwana, akaniruhusu nijaribishe kipande kabla ya kulipa. Roli yake ya mlangoni, hata hivyo, ilikuwa inachomwa na jua, hivyo nilimwomba anikatie kutoka kwenye roli ya ndani, nami nashauri kila mnunuzi afanye vivyo hivyo.

Wakati wa kubadilisha, funga koki, mwaga mafuta ya bakuli la kabureta, na usiuvute kwa nguvu mpira uliogandamana, kwani shingo ya shaba inaweza kulegea. Uchane kwa wembe kwa urefu, kwa uangalifu usiikwaruze shingo. Kata mpira mpya kwa pembe iliyonyooka. Tumia klipu za springi zenye kipenyo kinacholingana, wala si waya wa kufungia, ambao hukata raba. Mshale wa filta uelekee kwenye kabureta. Baada ya hapo fungua koki na utazame viungo kwa dakika chache kabla ya kuwasha.

Ukaguzi baada ya hapo ni mdogo: kunja mpira karibu na klipu kila unapobadilisha oili, na ukiona nyufa hata za juu juu, au unyevu wenye harufu, ubadilishe. Anayehifadhi pikipiki stoo pamoja na mahindi autazame mara nyingi zaidi, kwa sababu panya huguguna raba, hata hii nzuri. Mpira mwembamba wa mvuto kwa ajili ya GN125 sikuupata katika maduka yale. Mwenye mashine hiyo aende na kipande chake cha zamani mkononi, alinganishe tundu na unene wa ukuta, asikubali ule mweupe.