Newgrange nyota tano, basi lililotupeleka sijui hata nilipe nyota ngapi

Naanza na duka la masweta, maana hasira yangu yote iko pale.

Mama alikuja kunitembelea Dublin kutoka Tanga, Mei au Juni hivi. Nikasema simzungushi madukani, nampeleka shamba akaione nchi. Nikakata tiketi za basi la watalii, safari ya siku moja: kilima cha Tara, walikotawazwa wafalme wa kale, kisha Newgrange, kaburi la kale la mawe. Kampuni siitaji, wenyewe wanajijua. Tara tulipewa dakika ishirini, mvua inanyesha, mama hajamaliza hata kujifunga mtandio. Halafu dereva, ambaye ndiye huyohuyo mwongozaji, akatushusha kwenye duka la masweta ya sufu na vikombe. Karibu saa nzima! Nani alimwomba? Nikamfuata kwa adabu, nikamwambia tiketi zetu za kaburini zina saa yake. Akanijibu huku macho yake yakiwa kwenye simu: "Kaburi lina miaka elfu tano, halikimbii." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Kaburi halikimbii, sawa, lakini zamu inakimbia. Newgrange huendi na gari lako mpaka mlangoni. Unashukia kituo cha wageni, unavuka mto Boyne kwa daraja la miguu, ndipo vibasi vyao vinawapandisha kwa mafungu, kila fungu na saa yake. Tulipofika, fungu letu limeshakwenda. Dereva anasema basi tazameni maonyesho hapa kituoni, saa tisa tunaondoka. Mama atoke Tanga aje kutazama picha za ukutani?

Dada mmoja wa mapokezi, Mungu amjalie kheri, alimtazama mama mara moja tu akatuingiza fungu la mwisho mwisho. Dereva akasema atakayebaki, amebaki. Nikamgeukia mama.

"Mwache aende na masweta yake," akasema.

Na hapa ndipo ninapokosa la kulalamika. Lile kaburi lilijengwa mwaka 3200 hivi kabla ya Kristo, piramidi za Giza hazijawazwa bado. Mbele ya mlango limelala jiwe kubwa lililochongwa mizunguko kama magamba ya konokono. Njia ya kuingilia ni mita 19 na imebana. Mama, na magoti yake yale, akapita upande upande kama kaa. Ukifika ndani ukitazama juu, mabamba ya mawe yamepandana, kila moja limetokeza mbele kidogo ya lile la chini yake, mpaka yakafunga dari. Saruji hakuna, na mvua yote ya Ireland haijapenya. Nyumba ninayopanga mimi ni ya juzi tu na inavuja.

Kisha wakazima taa. Giza la mapango ya Amboni kabisa. Mara mstari wa mwanga ukatambaa sakafuni. Ilikuwa taa ya umeme tu, wanaigiza yale ya alfajiri za Desemba siku zinapokuwa fupi kupita zote, jua linapopenya tundu lililo juu ya mlango na kukaa chumbani dakika 17. Profesa O'Kelly, mwanaakiolojia aliyepachimba, alijionea mwenyewe Desemba 1967. Mimi taa tu ilinisimamisha nywele.

Mama akaninong'oneza, "Amboni kaijenga Mungu. Hii wamejenga watu, na hata panga hawakuwa nalo."

Kwa hiyo niseme kweli, yule dereva alitufanyia hisani. Tungewahi zamu yetu angetutoa mbio mbio, wala tusingekaa nje mpaka jioni tukitazama ng'ombe na bonde lile la kijani. Nilikuwa nimeshamsamehe. Teksi ya kwenda Drogheda, mji wa jirani, ndiyo iliyoufuta msamaha, ikafuata treni ya Dublin, mama kalala begani kwangu, mimi napiga hesabu. Na nauli ya kurudi niliyokwisha wapa wao je? Niliwaandikia. Wakajibu kwamba kutunza muda ni wajibu wa abiria. Wa abiria!

Nendeni Newgrange, jamani. Kateni tiketi mapema kituoni kwao, pandeni treni mpaka Drogheda, msimpe mtu wa kati hata senti. Mama bado kila akipiga simu huniuliza kama yule bwana ameshauza masweta.